Rupia, Florini, Shilingi: Jinsi Fedha Ilivyopungua Mifukoni Nakuru

Mwaka 1937 na 1938 Mary Leakey alichimba kilima cha Hyrax Hill, pembeni mwa Nakuru ukielekea Nairobi. Alikuta makaburi, vigae vya vyungu, zana za mawe meusi yanayong'aa kama kioo, na mabaki ya makazi ya watu wa vipindi mbalimbali. Katika udongo huohuo zilitoka sarafu sita za Kihindi. Moja ilikadiriwa kuwa na umri wa karne kadhaa. Mbili zilikuwa za 1918 na 1919, na hizo mbili ndizo zinazonivuta zaidi. Zilitengenezwa wakati hesabu zote za Nakuru, kuanzia kodi hadi mshahara wa mchunga ng'ombe, zilipigwa kwa rupia, na miaka michache tu kabla serikali ya kikoloni haijaifuta rupia hiyo.

Mtu aliyeachiwa sarafu ya zamani na babu yake huuliza swali moja: inauzwa ngapi? Swali ni la haki, na jibu lake huanzia kwenye mizani. Lakini gramu zinazosomwa kwenye mizani hiyo zina historia, na hapa katika Bonde la Ufa historia yenyewe ni ya watu kubadilishiwa fedha yao mara mbili ndani ya miaka mitatu, kila mara wakirudishiwa iliyo pungufu.

Kabla ya reli, fedha haikuwa na bei katika bonde hili. Msafiri Joseph Thomson alipopita Naivasha na Elmenteita mwaka 1883 akielekea Baringo, mizigo ya wapagazi wake ilikuwa shanga, waya na nguo. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyeandamana naye na aliyeijua njia ya Umasaini kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule, alibeba vitu vya namna hiyohiyo. Mmasai alitaka waya wa unene fulani na shanga za rangi iliyokuwa ikipendwa msimu ule. Ukimpa kipande cha fedha chenye kichwa cha mwanamke wa Ulaya, angekigeuza mkononi na kukurudishia.

Kule pwani mambo yalikuwa tofauti. Sarafu kubwa ya Zanzibar, Mombasa na Lamu ilikuwa reale, na reale iliyoenea zaidi ilikuwa ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Watu wa pwani waliiita reale ya Sham, kuitofautisha na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili zilifananishwa na mizinga. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Kwa hiyo ndani yake mna takriban gramu 23.4 za fedha safi. Wafanyabiashara waliikagua kwa makini sana: walihesabu lulu tisa za bruchi iliyo begani mwa malkia, wakatazama kama herufi S.F. chini ya kifua zinasomeka, wakapitisha kidole ukingoni kutafuta maandishi yake. Iliyosuguka hadi lulu zikafutika ilikataliwa au ilikatwa bei. Uzito wake ulikubalika kiasi kwamba wakia, kipimo cha dukani, kilikuwa uzito wa reale moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hadi leo. Sarafu hiyo ina mwaka 1780, na mwenye nayo hudhani ameshika kitu cha zaidi ya miaka 240. Ukweli ni kwamba viwanda vya Vienna, Venice, London, Birmingham, Paris, Brussels, Roma na hata Bombay viliendelea kuipiga kwa mwaka uleule, hadi karne ya 20, kwa sababu wateja wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hawakutaka nyingine. Reale nyingi zinazoonekana Kenya zina umri mdogo kuliko reli ya Uganda. Fedha yake ni halali kabisa, ila umri wake si ule ulioandikwa.

Reli ndiyo iliyoipandisha fedha bondeni. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Walizoea rupia, walilipwa rupia, na wenye maduka waliowafuata, akiwemo Allidina Visram ambaye maduka yake yalitambaa na reli kituo kwa kituo, waliuza kwa rupia. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu Desemba 1901. Mwaka 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji. Palikuwa na stesheni, vibanda vya mabati, na pande zote za Njoro, Rongai, Bahati na Elmenteita ardhi iliyokuwa ikikatwa mashamba ya walowezi. Mmoja wao, Lord Delamere, alikuwa ameshaingia Njoro.

Rupia ya India ilikuwa sarafu imara. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, na fedha sehemu 917 kwa 1,000, yaani takriban gramu 10.7 za fedha safi. Uzito huo ulikuwa tola moja kamili, na ndiyo maana sonara wa Kihindi aliweza kuweka rupia upande mmoja wa mizani na bangili ya mteja upande wa pili. Wajerumani wa Tanganyika, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipotoa rupia yao yenye kichwa cha Kaiser aliyevaa kofia ya chuma, walifuata uzito uleule na ubora uleule. Kampuni ya Imperial British East Africa ilikuwa imetoa zake mwaka 1888, zenye jua na taji na jina la Mombasa, kabla ya kufilisika na kuikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza.

Mwafrika wa Bonde la Ufa hakuifuata rupia kwa kuipenda. Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka 1901, ikafika rupia tatu, na wakati wa Vita Kuu ikawa tano. Kodi ilidaiwa kwa sarafu. Aliyekuwa na mbuzi alilazimika kwanza kuwauza, na asiyekuwa na cha kuuza alikwenda shambani kwa mlowezi. Ndivyo Wakikuyu kutoka Kiambu na Nyeri, Wakipsigis, Wanandi na Waluo walivyojikuta Njoro, Molo na Subukia wakilima na kuchunga, baadhi wakiwa maskwota wenye kipande cha shamba la kulima wenyewe kwa malipo ya kazi zao. Rupia iliyobaki baada ya kodi ilifungwa kwenye kitambaa, ikafukiwa chini ya kitanda au ikangojea mahari. Ilikuwa akiba yenye akili, maana hata serikali ikianguka, zile gramu kumi na ushee za fedha zingebaki palepale.

Vita vilivuruga kila kitu. India ilipeleka jeshi na bidhaa kwa Waingereza, ikalipwa fedha, na mahitaji ya madini hayo yakapanda kuliko ilivyowahi kuonekana. Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 250 za fedha chini ya sheria ya 1918 ili kuiuzia Uingereza kwa ajili ya India. Bei ya London iliendelea kupanda hadi Februari 1920 ilipofika peni 89 na nusu kwa aunsi. Hesabu ya rupia ilikuwa hivi: tangu mwisho wa karne ya 19 ilifungwa kwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza, rupia 15 kwa pauni moja. Bei ya fedha ikivuka peni 43 kwa aunsi, madini yaliyo ndani ya rupia huwa na thamani kubwa kuliko rupia yenyewe. Ilipofika 89 na nusu, rupia ikiyeyushwa ilikuwa na thamani ya takriban shilingi mbili na peni tisa. Tangu bei ilipoanza kupanda, serikali ya India ilikuwa imepiga marufuku kuyeyusha sarafu na kuzisafirisha nje, na huku kwetu ikatolewa noti ya rupia moja kuziba pengo.

Rupia ilipopanda, walowezi wa Nakuru walilia, na kilio chao kilikuwa na msingi. Walikuwa wamekopa benki kwa rupia na kuuza kahawa, katani na kitani London kwa pauni. Mtu aliyekopa rupia 15,000 alikuwa na deni la pauni 1,000. Rupia ilipofungwa kwa shilingi mbili, Februari 1920, deni lilelile likawa pauni 1,500 bila yeye kuongeza hata ng'ombe mmoja. Wakati huohuo walikuwa wakiingia askari wastaafu waliogawiwa mashamba na Gavana Northey mwaka 1919, wengi wao wakiwa na mtaji mdogo na mkopo. Bei ya kitani ilipoanguka, mashamba kadhaa yalibaki magofu.

Kilio cha walowezi kilifika London, na magazeti na vitabu vimekihifadhi vizuri. Kilio cha upande wa pili hakikuandikwa sana, nacho ndicho kinachohusu sarafu zilizomo kwenye makabati ya familia zetu.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919. Mwaka 1920 ilitoa florini, moja kwa rupia moja, uzito uleule wa gramu 11.66. Kwa macho na kwa mkono zilifanana. Lakini fedha ndani ya florini ilikuwa nusu tu, sehemu 500 kwa 1,000, kama Uingereza yenyewe ilivyokuwa imefanya mwaka huo kwa sarafu zake. Kutoka gramu 10.7 tukashuka hadi 5.8. Wakati huo bei ya fedha duniani ilikuwa ikiporomoka, na kufika mwisho wa 1920 ilikuwa chini ya nusu ya kilele chake. Rupia ya India ikarudi karibu na shilingi moja na peni nne, huku hapa Kenya ikiendelea kuhesabiwa shilingi mbili. Mfanyabiashara mwenye mashua alijua la kufanya: aliinunua kule na kuipitisha huku. Serikali ikaogopa kufurika kwa rupia, na Februari 1921 rupia ya India ikavuliwa uhalali ghafla.

Fikiria mtu aliyekuwa Solai au Dundori, mbali na benki, asiyesoma gazeti la serikali, mwenye rupia 20 ndani ya kibuyu. Habari ilimfikia kupitia kwa mwenye duka, ambaye tayari alikuwa akizipokea kwa bei pungufu, ama kupitia kwa karani wa kodi aliyezikataa mezani. Wenye akaunti benki walizibadilisha mapema, naye akaambiwa alichoweka ni chuma.

Haikuishia hapo. Florini haikudumu. Mwaka 1921 ilitangazwa shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa florini moja, ikaanza kutumika rasmi Januari 1922. Ilikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na simba mbele ya milima upande wa pili. Ina uzito wa gramu 7.8, na fedha yake ni robo tu, sehemu 250 kwa 1,000. Piga hesabu. Aliyetoa rupia moja alitoa gramu 10.7 za fedha. Shilingi mbili alizorudishiwa zina gramu 3.9 kwa pamoja. Karibu theluthi mbili ya fedha yake ilitoweka kati ya 1920 na 1922, na kwenye karatasi za serikali hakupoteza kitu.

Wachumi watasema sarafu haihitaji kuwa na madini ya thamani yake, inatosha kukubalika. Ni kweli, na leo tunaishi hivyo. Lakini mtu aliyelazimishwa kutumia sarafu kwa njia ya kodi, ambaye akiba yake yote ilikuwa ndani ya madini hayo, hakuulizwa kama anakubali. Na katika mwaka huohuo wa 1921 walowezi, wakitafuta pa kupunguzia gharama, waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi rupia nane, ambazo katika hesabu mpya ni shilingi 16. Haya ndiyo yaliyomwinua Harry Thuku. Chama chake cha Young Kikuyu Association kiliundwa Juni 1921, mishahara, kodi na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi, vikiwa kiini cha malalamiko yake. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi na zaidi ya watu 20 wakafa. Mwaka huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Simba yule wa shilingi aliendelea kuzunguka. Alipigwa Birmingham, na wakati wa Vita vya Pili akapigwa Bombay na Pretoria, kwa robo ileile ya fedha hadi 1946. Kuanzia 1948 simba alibaki, milima ikabaki, fedha ikaondoka kabisa, na mahali pake pakawa mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Kwa hiyo anayetaka kujua thamani ya sarafu ya zamani leo, aanze na mwaka, kisha uzito, kisha ubora wa madini. Zidisha uzito kwa ubora upate gramu za fedha safi, kisha zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, gramu ya fedha safi ni shilingi 100. Rupia isiyosuguka itakuwa na madini ya shilingi 1,069, reale ya Maria Theresa 2,339, florini ya 1920 kama 583, na shilingi ya simba ya 1925 au 1944, 194 tu. Ile ya 1948 haina kitu cha kuhesabu. Senti 50 za 1906 hadi 1919, zilizokuwa nusu rupia, zina ubora wa sehemu 800 na zitatoa kama 467. Rupia iliyosuguka ipimwe upya, kwa sababu miaka mingi ya mifukoni inaweza kula nusu gramu.

Sumaku haisaidii kutenganisha shilingi ya 1946 na ya 1948, maana zote mbili hazivutwi. Inasaidia kugundua reale ya bandia iliyotengenezwa kwa chuma. Mizani ndogo ya gramu yenye desimali mbili inasaidia zaidi. Kipimo cha maji nacho kinasaidia: rupia halali ikitumbukizwa husukuma maji ya takriban mililita 1.1, na ikisukuma zaidi ya hapo kwa uzito uleule, ndani kuna madini mepesi kuliko fedha.

Thamani ya madini ni sakafu tu. Juu yake kuna thamani ya mkusanyaji, ambayo hutegemea uchache na hali ya sarafu. Rupia ya Mombasa ya 1888 ikiwa safi huuzwa kwa bei isiyohusiana na gramu zake. Senti 50 za 1920 zilizoandikwa pia shilingi moja ni nadra sana. Upande wa pili kuna senti 10 zenye tundu za 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwaka huohuo. Watu wengi wanaambiwa kwamba hizo ni mamilioni ya shilingi. Si za fedha, zilipigwa kwa wingi mno, na zinapatikana kila mahali. Kila anayeahidi mamilioni kwa sarafu ya tundu, akitaka kwanza umlipe ada ya kuipima, anataka ada.

Msiisugue. Naomba hili kwa dhati, kwa sababu nimeona sarafu nzuri zikiharibiwa kwa majivu na dawa ya meno usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Weusi ulio juu ya fedha ya zamani ni ngozi yake, na mkusanyaji huupenda. Iliyosuguliwa hubaki na bei ya madini tu, sawa na iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu. Sonara yeye hajali, kwa kuwa ataiyeyusha, lakini atakupa chini ya bei ya soko maana lazima alipie moto na kazi yake.

Kuna jambo moja la kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kufanya biashara nacho au kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya kampuni ya 1888 iliyofika Mombasa wakati wake inaingia humo. Shilingi za simba haziingii, wala florini. Rupia ya Edward wa Saba au George wa Tano, ile aliyoambiwa mzee wa Solai mwaka 1921 kwamba ni chuma, nayo haiingii. Mwenye nayo yuko huru kuiuza, na akiiweka kwenye mizani pamoja na shilingi tano za simba, rupia hiyo moja ina fedha nyingi kuliko zote tano.